Bomba la mtaa alipe nani? Hesabu ya viwanja vitupu mjini Tabora

Tangu maji ya Ziwa Victoria yaingie Tabora, mjadala wa maji katika manispaa hii umebadilika. Kwa miaka mingi hoja ilikuwa uhaba wenyewe: Bwawa la Igombe, lililojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mji uliokuwa mdogo kuliko huu mara kadhaa, lilihudumia watu ambao hawakuwamo katika hesabu za waliolijenga, na kiangazi kikizidi watu walirudi kwenye visima na mikokoteni ya madumu. Leo chanzo kipo. Kinachogombewa ni kipande cha bomba cha mita mia kadhaa kinachotakiwa kuyatoa maji kwenye laini kubwa na kuyafikisha katika mtaa mpya, na swali linaloulizwa kwenye mkutano wa mtaa, kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye kwenye Baraza la Madiwani ni moja: kipande hicho alipe nani? Jibu tulilolizoea ni kumtoza anayeomba kwanza. Naona jibu hilo si la haki, na zaidi ya hapo linatuachia mtandao mbovu. Anayepaswa kutozwa ni mwenye ardhi ambayo bomba limepita mbele yake, awe amejenga au hajajenga, awe ameomba maji au anasubiri.

Kabla ya kufika huko ni vizuri kuweka sawa hesabu ya kile ambacho tayari kimelipwa, maana mikutanoni husikika kauli mbili zinazopingana, na zote mbili si za kweli: kwamba serikali imeleta maji bure, na kwamba wananchi hawajachangia kitu. Maji haya huchotwa na kusafishwa Ihelele, wilayani Misungwi, na mradi wa awali uliyafikisha Shinyanga na Kahama. Mradi uliofuata uliyachukua kutoka Solwa na kuyavuta hadi Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 268.35 kutoka Benki ya Exim ya India, na Rais John Magufuli aliuzindua Januari 2021. Mkopo huo hulipwa na walipakodi wote, aliye Tabora na aliye Mtwara. Aidha, kila lita ya petroli na dizeli hukatwa shilingi 50 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Maji, kwa hiyo kijana wa bodaboda wa Ipuli anayeweka lita tatu kwa siku amekwisha kutoa shilingi 150 kabla hajapata abiria wa kwanza, ingawa chumba alichopanga hakina bomba. Anayetaka kumwambia kijana huyo achangie maendeleo yake na aanze kwa kukiri kwamba anachangia kila asubuhi.

Chanzo, mitambo na laini kubwa, basi, vina mlipaji wake, na sina ugomvi na utaratibu huo: kitu kinachotumiwa na mikoa mitatu hakiwezi kugawanywa kwa nyumba. Upande wa pili, kipande kinachotoka kwenye bomba la mtaani hadi uani kwako nacho kina mlipaji wake. Unaomba, fundi wa mamlaka ya maji anakuja kupima, unapewa orodha ya vifaa na namba ya malipo, unalipa, unafungiwa mita. Kilichokosa baba ni kipande cha katikati, yaani bomba la kusambaza linalopita mbele ya viwanja. Fedha za bajeti zikipatikana hujengwa na mamlaka. Zisipopatikana, na kwa kawaida hazipatikani kwa wakati ambao watu wanahamia, wenye haraka huambiwa wachangishane au wajitegemee.

Matokeo ya kujitegemea yanaonekana kwa macho katika mitaa mingi ya pembezoni. Nyumba ya kwanza huvuta mpira wa nusu inchi au wa robo tatu kutoka mahali laini ilipoishia, mita mia tatu au mia nne, ukiwa umefukiwa kwa jembe kina cha kiganja kwa sababu kibarua alilipwa kwa urefu na si kwa kina. Mwaka unaofuata jirani anavuta wake sambamba na ule, na wa tatu wake, hadi kandokando ya njia panakuwa na mipira mitano au sita inayokwenda upande mmoja, hakuna hata mmoja wenye uwezo wa kumpatia mtu wa saba. Udongo wa Tabora kwa sehemu kubwa ni kichanga, na mvua za Desemba zikishapita mipira hiyo hubaki wazi juu ya ardhi kama mizizi ya mwembe. Gurudumu la trekta linaukanyaga mmoja. Mwenyewe anaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Maji yanachirizika hapo wiki nzima, na kwa kuwa uvujaji uko nyuma ya mita ya mteja mmoja au mbele ya mita ya mwingine, kila mtu anasema si wa kwake. Ukijumlisha fedha walizotumia watu hao sita, mara nyingi zinakaribia au kuzidi gharama ya bomba moja la maana ambalo lingetosha mtaa mzima.

Tuchukue mfano, na namba hizi ni za mfano tu. Mtaa una viwanja 40, na bomba linalohitajika ni la mita 800 litakalogharimu shilingi milioni 24 pamoja na mtaro na vifaa. Nyumba 12 zina watu wenye uwezo na haraka ya maji, nyumba nane zina watu wasioweza au wasiotaka kuchangia kwa sasa, na viwanja 20 ni vitupu. Wale 12 wakibeba mzigo peke yao, kila mmoja atatoa milioni mbili. Viwanja vyote vikihesabiwa, kila kimoja kinadaiwa laki sita. Tofauti hiyo ya milioni moja na laki nne ni ruzuku ambayo mwalimu wa shule ya msingi aliyejenga kwa mkopo wa benki anampa mtu wa mji mwingine aliyenunua viwanja vitatu akaviacha viote vichaka. Wenye kiwanja cha kumi na tatu na kuendelea watakapokuja, watalipia mita na mpira wa kutoka barabarani, basi. Mvumilivu hula mbivu, ila hapa mbivu hiyo imepandwa na kumwagiliwa na mwenzake.

Kuna watakaosema wale 12 na wajenge bomba la kuwatosha wao wenyewe, na watakaokuja waongeze lao. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama bei ya bomba ingekua sawasawa na uwezo wake, lakini sivyo. Kwa msukumo uleule wa maji, bomba lenye kipenyo mara mbili hupitisha maji takribani mara sita, na hata hatua ndogo ya kutoka milimita 110 kwenda milimita 160 huongeza uwezo zaidi ya mara mbili na nusu. Bei ya bomba lenyewe hupanda, ndiyo, lakini mtaro ni uleule, vibarua ni walewale, kibali cha TARURA cha kukata barabara ni kilekile na kurudishia kifusi ni kulekule. Kujenga dogo leo na kulifukua kesho ni kulipa mtaro mara mbili. Hata hivyo, sitaki kuonekana nashabikia ukubwa kwa ajili ya ukubwa, maana bomba pana lenye wateja wachache maji yake hulala ndani, klorini hupungua nguvu, na mamlaka hulazimika kuyamwaga mara kwa mara ili kulisafisha. Kipenyo kinapaswa kuamuliwa na mhandisi mwenye ramani ya mtaa na ya mtaa unaofuata. Kisiamuliwe na kiasi kilichopatikana kwenye daftari la michango.

Hapo panatokea mgawanyo ambao mara nyingi hausemwi. Ikiwa mtaa wenyewe unatosheka na bomba la milimita 110 lakini mhandisi anataka la 160 kwa sababu litaendelea hadi kata ya jirani, ile ziada si deni la mtaa huu. Ni ya mamlaka, kwa sababu ni mamlaka itakayoiuza huko mbele. Kumtwisha mwananchi gharama ya maji yatakayompita ni dhuluma, hata kama inafanywa kwa nia njema na kupewa jina la ushirikishwaji.

Njia rahisi ya kuukwepa ugomvi wote huu ni kuiweka gharama ndani ya bei ya uniti, kila mteja wa mji akatwe kidogo, mabomba yajengwe. Njia hii inavutia kwa sababu haina mkutano wala daftari, na bei ya maji inapotaka kupandishwa EWURA, mdhibiti wa huduma za maji, huitisha taftishi ambako mtu yeyote anaweza kwenda kusema lake. Lakini tazama ni nani anayelipa na ni nani anayepokea. Mama wa Ng'ambo au Kiloleni anayeishi katika nyumba ya urithi, mwenye bomba lililofungwa zamani na matumizi ya uniti chache kwa mwezi, angekuwa analipia barabara za maji za viwanja ambavyo thamani yake inapanda kila mwaka mikononi mwa watu wenye kipato kuliko yeye. Aliye nje kabisa ya mtandao, anayenunua dumu, angekuwa analipa pia, kwa sababu muuza maji naye ni mteja na hununua uniti. Uniti moja ni madumu 50. Kila dumu likiuzwa shilingi 100, mnunuzi huyo tayari anatoa shilingi 5,000 kwa uniti. Kumwongezea senti ili kiwanja kitupu kipate bomba ni kugeuza mambo juu chini.

Nasisitiza kiwanja kitupu kwa sababu ndicho kinachoficha faida. Msikilize dalali yeyote wa Tabora: sentensi yake ya kwanza ni ukubwa wa kiwanja, ya pili ni "maji na umeme vipo hapo hapo," na bei inakuja baada ya hapo. Bomba likifukiwa Jumatatu, bei hiyo imepanda Jumanne, hata kama mwenye kiwanja yuko Dar es Salaam na hajui jina la mwenyekiti wa mtaa. Faida hiyo haikutokana na jasho lake, imetokana na mtaro. Kuitoza sehemu ya gharama ya mtaro uliosababisha faida hiyo si kumwonea.

Tatizo ni kwamba mfumo wetu wa kodi, jinsi ulivyo leo, hauna mkono unaofika hapo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na mwaka 2023 ikafikishwa 1,500. Ni utaratibu mwepisi na umeondoa usumbufu wa foleni, lakini kiwanja kitupu hakina jengo wala mita ya LUKU, kwa hiyo hakilipi hata senti. Nyumba yenyewe hulipa kiasi kilekile iwe imepakana na bomba au iko kilomita mbili kutoka kwenye bomba. Kodi ya pango la ardhi inamgusa mwenye hati, na fedha zake zinakwenda Wizara ya Ardhi, nayo haikutungwa kufuatilia bomba. Yaani huduma ikifika, thamani inapanda, na hakuna ofisi hata moja mjini inayoweza kurudisha sehemu ya thamani hiyo kwenye huduma iliyoileta.

Ugumu mwingine ni wa kitaasisi. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, mtandao wa mabomba mjini ni wa mamlaka ya maji, ambayo iko chini ya Wizara ya Maji. Manispaa iko chini ya TAMISEMI. Mwenye bomba hana rejista ya viwanja, na mwenye rejista ya viwanja hana bomba. Madiwani wengi hulichukulia jambo hili kama sababu ya kunawa mikono: maji ni ya mamlaka, sisi tunapitisha tu salamu za wananchi. Kwangu naona ni kinyume chake. Kitu pekee kinachokosekana ili kuitoza ardhi ni kujua viwanja viko vingapi, ni vya nani, na lini vinauzwa au kujengwa, na taarifa hizo zote zinapita mezani kwa manispaa, katika ramani ya mipango miji, katika kibali cha ujenzi na katika uhamisho wa umiliki.

Wenzetu wamelipitia suala hili kabla yetu na makosa yao yanafundisha kuliko mafanikio yao. Huko Norwood, mji mdogo karibu na Cincinnati nchini Marekani, serikali ya mji ilifungua barabara katikati ya shamba la mtu mmoja, ikamlipa fidia ya ardhi, kisha ikamtoza yeye huyohuyo gharama zote za barabara, fidia aliyolipwa ikiwemo. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema mchango unaozidi kwa kiasi kikubwa faida aliyoipata mwenye ardhi ni sawa na kumnyang'anya mali bila fidia. Kipimo hicho kinafaa popote: usimtoze mtu zaidi ya alichofaidi. Katika jimbo la Washington, sheria inamruhusu mtu aliyejenga bomba kwa fedha zake kufunga mkataba na mji ili kila atakayeunganishwa baadaye arudishe sehemu yake, na fedha hizo zimfikie aliyetangulia, kwa muda wa miaka 20. Mkataba husajiliwa dhidi ya viwanja vyenyewe, hivyo anayenunua anajua deni analonunua.

Hakuna kinachozuia Tabora kutunga sheria ndogo ya aina hiyo kwa kushirikiana na mamlaka ya maji, ilimradi Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aiidhinishe. Bomba lijengwe kwa kipenyo alichosema mhandisi; gharama ya bomba la mtaa igawanywe kwa viwanja vyote vinavyopakana nalo; sehemu ya kila kiwanja iandikwe kwenye jalada lake. Anayetaka maji leo alipe sehemu yake leo, kwa awamu kama hana. Asiyetaka asisumbuliwe: deni lake lisubiri hadi atakapoomba kuunganishwa, atakapoomba kibali cha ujenzi au atakapouza. Ajuza aliyezaliwa kwenye eneo hilo kabla halijaitwa mtaa, asiyekuwa na mpango wa kuvuta maji wala kuuza, hatadaiwa chochote maisha yake yote, na kituo cha kuchotea maji kiwepo kwenye kila laini mpya bila mchango, ili kusiwe na mtu anayepita juu ya bomba kwenda kununua dumu.

Jambo linalonipa shaka katika pendekezo langu mwenyewe ni mtaji wa kuanzia. Ikiwa nusu ya viwanja vitalipa baada ya miaka saba au kumi, lazima mtu atangulize fedha hizo. Napendekeza mamlaka itangulize kutoka kwenye mapato yake au kutoka Mfuko wa Taifa wa Maji, na manispaa iweke sehemu kutoka mapato ya ndani, kwa sababu mji unaokua kwa mpangilio ni faida yake pia. Deni lipandishwe kila mwaka kwa kiasi kidogo kinacholingana na mfumuko wa bei, vinginevyo anayechelewa zaidi atalipa kidogo zaidi, na tutakuwa tumerudi kulekule kwa kumzawadia anayesubiri.

Viwanja vipya ni rahisi zaidi, na ndipo manispaa haina kisingizio. Halmashauri inapopima eneo na kuuza viwanja, iwe kwa fedha zake au kwa mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, inaweza kuweka gharama ya bomba ndani ya bei ya kiwanja na kuikabidhi kwa mamlaka ya maji kabla mnunuzi wa kwanza hajashika hati. Dar es Salaam ilijifunza somo hili kwa gharama kubwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambako watu walipata viwanja vilivyopimwa vizuri na katika maeneo mengi wakaishi navyo miaka mingi wakisubiri maji na barabara. Bei ya kiwanja itapanda, na wapo watakaolalamika, lakini ni bei hiyohiyo ambayo wangeilipa baadaye kwa vipande.

Kuhusu uaminifu, siwezi kuupita haraka. Watu wa Tabora wana kumbukumbu ya michango iliyokusanywa na mwisho wake ikawa kimya, na wazee wanaikumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, kwa jinsi ilivyokusanywa zaidi kuliko ilivyotumika. Kwa hiyo fedha hizi zisipite mkononi mwa mwenyekiti wa mtaa wala kamati, zilipwe kwa namba ya malipo ya serikali yenye jina la laini husika, na hesabu ya laini hiyo, yaani gharama yake, waliolipa na waliobaki, ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa kila robo mwaka. Kiasi alichochangia mwananchi kisihesabiwe pia kama mtaji wa mamlaka wakati wa kuomba bei mpya kwa EWURA, maana mtu hawezi kununua bomba na kisha kulipishwa uchakavu wake kwenye bili.

Zaidi ya yote, wapo watakaopinga sheria ndogo hii ndani ya ukumbi wa baraza lenyewe, na si wote watakuwa wakiwatetea wanyonge. Viwanja vitupu vya mjini Tabora vina wenyewe, na si jambo la ajabu kwamba baadhi yao ni watumishi, wafanyabiashara na viongozi wa mjini humohumo. Kanuni za vikao zinamtaka diwani mwenye maslahi katika hoja ayatangaze. Siku hoja hii itakapopelekwa barazani, kila mjumbe mwenye kiwanja kisichojengwa kwenye laini inayojadiliwa akitaje kwa namba na kitalu, na katibu aviandike vyote kwenye muhtasari kabla mjadala haujafunguliwa.